Vidonge Viwili Kila Kopo

Ijumaa, 1 Machi

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Amesema, "Mama, ukilinung'unikia hili, simu yangu itapumzika." Mtoto niliyembeba mgongoni ananiambia hivyo, na kweli wiki hii nimempigia mara tano. Sababu ni moja. Baada ya miaka ishirini na saba kwenye dirisha la dawa la watu wazima, nimehamishiwa kliniki ya watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wale wa kumeza dawa za kufubaza virusi kila siku ya Mungu. Mtoa dawa wao amejifungua, na mganga mkuu alipotafuta wa kushika nafasi akaniona mimi. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Watoto nawapenda sana, hasa wakiwa wamelala.

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimekutana na Kundi la Jumamosi, ambalo Sista msimamizi analisifu utadhani amelizaa yeye. Ni watoto ishirini, wa miaka kumi na moja hadi kumi na saba. Wote walizaliwa na virusi, wote wanameza dawa ya aina moja, na wote wameendelea vizuri. Kwa hiyo wamepewa heshima: hawaji siku za wiki wakakosa shule na kuulizwa na majirani wanakwenda wapi. Wanakuja Jumamosi, mara moja kwa miezi mitatu, na kila mmoja anaondoka na kopo la vidonge tisini, kimoja kila usiku. Nusu yao zamu yao ni leo. Nusu watakuja tarehe 20 Aprili.

Aliyenitangulia alikuwa akiwauliza, "Mmemeza?" nao wanajibu, "Tumemeza," yakaisha. Mimi sifanyi kazi kwa kuulizana. Nimemimina mabaki ya kila kopo kwenye sinia langu la kuhesabia, nikavipanga vitano vitano kwa kisu butu, nikalinganisha na siku. Mtu hudanganya, kidonge hakidanganyi. Watoto kumi, hesabu kumi, zote zimekaa sawa. Sikulitarajia hilo.

Hata hivyo niliwapa neno la kuanzia. Niliwaambia dawa ya mtu ni ya kwake peke yake, na nikimkuta aliyegawa hata kidonge kimoja, Jumamosi ataisikia kwa wenzake. Atakuja hapa kila Jumatano kuchukua vya wiki moja kama mtoto mdogo. Msichana mmoja wa miaka kumi na minne, mwenye doa jeusi shavuni ambaye wenzake wanamwita Kidoti, akanyoosha mkono. Akauliza, na mtu akiishiwa je? Nikamjibu kwamba asiyepoteza haishiwi. Nililiona jibu zuri sana.

Walipokuwa wanatoka nilisikia tayari wamenibatiza. Naitwa Bi Hesabu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la stoo linavuja palepale juu ya maboksi ya dawa. Nimehamisha maboksi, nimehamisha ndoo, fundi ameahidi kesho.

Jumatano, 13 Machi

Fundi hakuja.

Jumanne, 19 Machi

Mvua haikuruhusu mtu kutoka, tukanywa chai na Sista mpaka birika likakauka. Nilimuuliza habari za Kidoti kwa sababu kadi yake haina jina la mama wala baba, ina neno moja tu, "mlezi." Akaniambia wazazi wote walikufa, analelewa na baba yake mdogo, fundi wa kuchomelea anayeishi ng'ambo ya mto. Bwana huyo humleta mtoto mpaka kwenye kona ya barabara, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, na hajawahi kuvuka geti. Majirani amewaambia mtoto anakwenda masomo ya ziada. Na alishasema wazi: Jumamosi, mara moja kwa miezi mitatu, mkizidisha hapo msinitafute.

Nikasema watu kama hao ndio wanaowaua watoto kwa aibu zao. Sista alikoroga chai yake ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga. "Miaka sita amemleta," akasema. "Hajaruka hata mara moja."

Bado simpendi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Makopo yote ya stoo yana jasho. Nimeyafuta moja moja.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mto umefika kwenye mikono ya daraja, wanasema. Watu hupenda kukuza mambo.

Alhamisi, 18 Aprili

Hawakukuza. Daraja limeondoka asubuhi, lote, pamoja na nguzo zake. Nimekwenda kutazama na nusu ya mji. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita mbio, na ng'ambo watu wadogo wadogo wamesimama wanatutazama kama sisi tunavyowatazama. Hakuna mtumbwi utakaothubutu, na barabara ya kuzunguka nayo imekatika. Nilianza kuhesabu nikiwa bado nimesimama pale. Watoto wetu kumi na wawili wanaishi ng'ambo. Saba walichukua dawa tarehe 2 Machi, hao wana akiba mpaka mwisho wa Mei. Watano zamu yao ni keshokutwa, na makopo yao yanaisha kesho usiku.

Jumamosi, 20 Aprili

Watoto watano wa upande huu wamekuja. Wale watano wa ng'ambo hawakuja, na wangekujaje. Sista aliyapanga makopo yao mezani hata hivyo, hakuyarudisha stoo mpaka saa kumi jioni.

Jumatatu, 22 Aprili

Tumepiga simu. Namba mbili hazipatikani. Mlezi mmoja alisema nisimpigie tena kwenye namba hiyo, kuna watu wanasikia. Zahanati ya ng'ambo haina dawa zetu. Daktari wetu ni kijana, anatembea kama aliyeachwa na gari, lakini leo alikaa akatueleza polepole. Dawa hii haiui virusi, inavilaza. Ukiiacha vinaamka, na vikiamka huku dawa inapungua mwilini, vinajifunza kuizoea. Mtoto anaweza kuipoteza dawa iliyomlea kwa wiki chache tu. Baada ya hapo kuna dawa nyingine, na baada ya hiyo hakuna nyingi.

Miaka ishirini na saba nimetoa dawa dirishani. Leo nimeziogopa.

Jumatatu, 29 Aprili

Siku ya kumi kwa wale watano. Mvua.

Ijumaa, 3 Mei

Siku ya kumi na nne. Sista hanywi chai.

Ijumaa, 10 Mei

Jioni hii wamefungua daraja la muda, la vyuma, la kupita kwa miguu. Kesho ni Jumamosi. Tumekubaliana kufungua mapema.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa na hasira, wacha niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi walikuwa getini wote kumi na wawili, matope hadi magotini. Sista aliwakumbatia mmoja mmoja na matope yao. Mimi nilitandika sinia langu. Nikaanza na wale saba waliokuwa na akiba. Vidonge tisini, usiku sabini umepita, mtu abaki na ishirini. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza.

Kopo la kwanza lilitoa vidonge viwili. La pili, viwili. La tatu, viwili. Nikalitikisa nikidhani vingine vimenata chini. Makopo saba, vidonge viwili kila kopo. Vidonge kumi na vinane vimepotea kwa kila mtoto, na wote saba wananitazama kwa macho makavu. Nikawauliza vimekwenda wapi. Hakuna aliyejibu. Nikauliza kama wamevimwaga, kama wameviuza, kama wamevimeza viwili viwili.

Nikaja kwa wale watano. Makopo yao matupu, kama nilivyojua. Nikawauliza kwa upole kabisa wamekosa dawa siku ngapi. Wa kwanza, kijana mdogo wa miaka kumi na moja anayeitwa Spika kwa sababu mdomo wake haufungwi, akasema hajakosa hata siku moja. Wa pili hivyohivyo. Wote watano! Siku ishirini na moja bila dawa, na wananiambia usoni kwamba wamemeza.

Ningeweza kusamehe aliyeishiwa. Kudanganywa na darasa zima siwezi. Nimechukua kalamu nyekundu, nimeandika kadi kumi na mbili: utumiaji mbaya wa dawa. Daktari ametia saini bila kuketi. Wametolewa damu, majibu baada ya wiki nne, na mpaka hapo wote kumi na wawili watakuja kila Jumatano. Nimewapa vidonge saba kila mmoja.

Kidoti alikuwa wa mwisho. Alisema, "Baba mdogo hatakubali Jumatano."

"Ungelifikiria hilo kabla ya kuchezea dawa," nikamwambia.

Alifunga kopo lake taratibu, akasema asante, akaondoka. Hiyo asante imenikera kuliko uongo wote wa leo.

Jumatano, 15 Mei

Wamekuja kumi na mmoja. Kidoti hayupo. Ujumbe wa baba yake mdogo umeletwa na Spika, ambaye kwa mara ya kwanza alizungumza maneno machache: amesema basi. Nikafungua kadi. Viwili vilivyobaki na saba nilivyompa ni tisa. Cha mwisho atakimeza Jumapili usiku.

Mwenyewe nilisema watu wa aina ile huua watoto kwa aibu. Leo nimeitazama kalamu nyekundu mezani pangu, nikaifungia kwenye droo.

Alhamisi, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo nilikuwa najaza ripoti ya mwezi. Ripoti haitaki mtoto mmoja mmoja, inataka jumla. Jumla ya vidonge ambavyo havikuelezeka. Saba mara kumi na nane: mia moja ishirini na sita. Niliandika, nikaenda kwenye mstari unaofuata, jumla ya siku ambazo watoto hawakuwa na dawa. Watano mara ishirini na moja: mia moja na tano. Namba mbili, moja juu ya nyingine. Nikazitazama. Mia moja ishirini na sita ukigawa kwa ishirini na moja unapata sita. Sita kamili, hakuna kinachobaki.

Niliweka kalamu chini. Havikumwagwa wala havikuuzwa. Vilimezwa, kimoja kila usiku, kwa siku ishirini na moja zote, na watu ambao hawakuwa navyo. Saba walikuwa na dawa, wakawabeba waliokosa, na vilivyobaki wakagawana sawasawa, viwili viwili. Jumla vilibaki kumi na vinne. Wangemaliza usiku uliofuata. Watoto hawa walikuwa wamebakiza siku moja tu, na walikaa kwenye benchi langu wakikemewa, hakuna aliyeinua sauti.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikalia kama sijawahi kufundishwa kazi. Miaka ishirini na saba nimehesabu vidonge vya mtu mmoja mmoja. Sikuwahi kufikiri kwamba jibu linaweza kukaa katika kopo la mwenzake.

Na swali nililoulizwa tarehe 2 Machi, mtu akiishiwa je, nililijibu kijinga. Wao wakalijibu vizuri, halafu wakanificha kwa sababu nilikuwa nimewatishia.

Lakini waliokosa dawa ni watano. Hesabu inasema sita.

Ijumaa, 17 Mei

Asubuhi nimemwambia Sista. Alinishika mkono tu, akaendelea kuushika mpaka mgonjwa akagonga mlango. Tukamwambia Daktari. Akavuta kiti akakaa. Alisema anapaswa kukasirika, maana mtu akigawa dawa asizozijua anaweza kumdhuru mwenzake vibaya. Halafu akasema tena kwamba anapaswa kukasirika, na hakukasirika.

Bahati ikanijia saa nne. Bibi yake Spika alimleta kwa kikohozi. Nikiwa nampa dawa ya kikohozi, sikumtazama, nikauliza kama mtu anayeuliza saa, "Hivi mlikuwa mnagawana siku gani?"

"Ijumaa," akasema, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikamwambia nimeshajua, na si wao wenye makosa. Bibi akaketi. Spika alipofunguliwa hakufungika tena. Kidoti ndiye aliyeanzisha. Siku moja baada ya daraja kuondoka aliwaita wote nyuma ya darasa, akapanga makopo chini, akasoma maandishi ya kila kopo herufi kwa herufi kuona kama dawa ni ileile na ukubwa uleule. Aliwaambia kopo likitofautiana hata neno moja, mwenye kopo hilo hapewi wala hatoi. Yote yalifanana. Kila Ijumaa akawagawia saba saba, vimefungwa kwa karatasi za daftari, na kila asubuhi kabla ya kengele anapita akiuliza, umemeza, naye hakubali mpaka umwonyeshe karatasi.

Nikauliza kuhusu wa sita. Alisema kila Ijumaa Kidoti alichukua saba vya mtu mwingine. Walipomuuliza ni nani, alijibu kwamba ni mgonjwa kama wao, na wasiulize tena.

"Nanyi mkakubali?" nikasema. "Wakati vinapungua hivyo?"

Alinishangaa. "Si ni mgonjwa," akasema, kana kwamba hilo linatosha.

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Tuna mabango manne ukutani, tuna vitabu vya mwongozo, tuna semina. Hakuna popote palipoandikwa hivyo.

Jumamosi, 18 Mei

Nimevuka mto. Daraja la muda linayumba, na mimi na maji hatupatani. Nilikwenda nimeshika vyuma pande zote mbili, na watu nyuma yangu wakiniomba kwa heshima zote nisogee, mama, tuna safari.

Karakana ya yule fundi ni banda la wazi lenye mageti yaliyoegemezwa pande zote. Nilimkuta amevaa ngao usoni anachomelea, nikasubiri cheche ziishe. Alipoiona sare yangu chini ya koti akageuka kutazama barabarani kwanza, kama kuna mtu. Hakunikaribisha. Alisema ameshatoa jibu lake, hawezi kumleta mtoto kila Jumatano, wateja wake wana macho na majirani wana midomo.

Nikamwambia sijaja kumlazimisha, nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza yote, kwamba mtoto wake sikumwelewa, kwamba hakuchezea dawa. Yeye na wenzake waliwalisha waliokosa kwa siku ishirini na moja, na hakuna hata mmoja aliyelala bila kumeza. Nikasema nimehesabu na hesabu imekubali, ila imenipa watu sita na mimi nawajua watano. Nikasema wa sita simtafuti ili nimwadhibu. Namtafuta kwa sababu kama hana kliniki, naye atapotea.

Alikuwa ameshika ngao mkononi. Akainama akazima mashine. Nikasikia maji ya mto.

"Wa sita ni mimi," akasema.

Nilitafuta pa kukaa. Akanisogezea kigoda, naye akakaa juu ya geti lisilopakwa rangi, akazungumza akitazama mikono yake. Ana virusi mwaka wa saba sasa. Dawa yake, ileile ya mtoto, huchukua mji wa mbali, huko upande wetu na kupitiliza, kila Jumamosi ya tatu ya mwezi, mahali ambapo hakuna anayemjua. Kopo hulificha kwenye boksi la vyuma vya kuchomelea. Tarehe 20 Aprili alikuwa aende. Jioni ile ilimkuta bila dawa akijua hakuna njia, na hakuna mtu wa kumwambia.

"Usiku huohuo," akasema, "nimekaa nakunywa chai. Akaja akaweka kisahani mbele yangu. Kidonge kimoja. Akaenda kuosha vyombo."

Hakumuuliza. Alikimeza. Kesho yake kisahani kilikuja tena. Usiku ishirini na moja, kisahani na kidonge kimoja, hakuna neno lililosemwa, si la mtoto wala la baba. Miaka yote ile alidhani amemficha.

"Jumamosi ile mlipomtia hatiani, mama, nilijua kwa nini vidonge vimepungua. Nilijua mimi peke yangu. Ningesema neno moja tu, mkamwacha. Nikanyamaza. Nikasema Jumatano haiwezekani." Akajifuta uso kwa mkono wenye masizi. Alisema vyake alivifuata mara daraja la muda lilipofunguliwa, na alipanga kumgawia kuanzia keshokutwa, mpaka viishe, wote wawili wabaki hawana. Zaidi ya hapo hakuwa na mpango.

Nilimtazama mtu huyu niliyemhukumu nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikamwona jinsi alivyo: mgonjwa aliyemleta mgonjwa mwenzake kwenye kona ile kwa miaka sita, naye dawa yake akaifuata mbali akiwa na kofia yake. Nilimwomba radhi mara ya pili. Hii haikuwa ya kazi.

Nikamwachia kopo la Kidoti, vidonge tisini, na kadi mpya isiyo na wino mwekundu. Nikamwambia Jumatano imefutwa kwa watoto wote. Aje mwenyewe siku atakayoweza, au asije, dawa ya mtoto haitategemea hilo tena. Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

Nikiwa natoka nilimwona Kidoti anakuja na ndoo ya maji kichwani. Aliposema shikamoo niliitikia. Nikamsaidia kuitua ndoo. Ndicho nilichoweza.

Jumatatu, 20 Mei

Tumekubaliana na Daktari: kila mtoto wa ng'ambo atakuwa na kopo dogo la akiba ya mwezi mzima, lake, na haliguswi mpaka mvua ikate njia. Kwenye ripoti niliandika vidonge mia moja ishirini na sita vimemezwa. Daktari aliuliza na nani. Nikasema na wagonjwa. Akatia saini.

Bado nawaambia watoto wasigawane dawa. Ila sasa nawaambia pia waje kwangu wakiishiwa, saa yoyote, na namba yangu ya simu nimeiandika ndani ya kifuniko cha kila kopo. Binti yangu amecheka sana aliposikia nani sasa anapigiwa simu.

Jumatano, 22 Mei

Jumatano ndiyo siku iliyojaa kuliko zote. Benchi zote zimejaa, foleni hadi getini, akina mama, watoto, watu wa mtaani wanaopita njia wakichungulia. Saa tatu nikamwona. Hana kofia. Amesimama katikati ya foleni, kopo mkononi, si kwenye mfuko wala gazetini, Kidoti yuko kando yake na sare ya shule. Sista alitoka mbio akamnong'oneza kwamba kuna mlango wa nyuma, apite huko, hatasubiri.

"Nimepita mlango wa nyuma miaka saba, dada," alisema. "Nitasubiri hapahapa."

Alisubiri saa mbili. Kuna mtu alimtambua, niliona, fundi mwenzake wa upande huu, akamkodolea macho. Alimpungia mkono. Kidoti hakuwa anamtazama mtu yeyote ila baba yake mdogo. Wamemtoa damu, wamemfungulia kadi. Kwenye nafasi ya anwani aliandika ya kweli.

Jumanne, 28 Mei

Siku nne hakuna mvua. Nguo zimekauka.

Jumatano, 5 Juni

Majibu hayajafika. Sista anasema tusubiri Jumamosi.

Jumamosi, 8 Juni

Bahasha imefika saa tatu. Daktari alisoma kwa sauti, namba moja moja, nami nikiweka alama kwenye orodha yangu. Mtoto wa kwanza, virusi havionekani. Wa pili, havionekani. Alipofika wa kumi na mbili alinigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Wote. Mvua nzima, bila daraja, bila sisi. Nimeishi miaka hamsini na saba na sijaona kazi iliyofanywa na watu wazima iliyokaa sawa hivyo.

Tulikuwa tumewaita waje kusikia. Nikamwita Kidoti dirishani, baba yake mdogo akasogea naye. Nikaanza kumsomea majibu yake, akanikatiza kwa adabu.

"Na ya baba?"

Nilimtazama fundi. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwambie yeye."

Nikafungua karatasi ya mwisho, iliyowahi kuja pamoja na za watoto, nikamwambia virusi vya baba yake mdogo havionekani.

Sijawahi kumwona mtoto huyu akilia. Hakulia siku nilipomkemea, wala siku alipofunga kopo lake akaniambia asante. Sasa aliweka mikono juu ya ubao wa dirisha langu, akalaza kichwa juu ya mikono, mabega yakaanza kutikisika. Baba yake mdogo akamwekea mkono mgongoni, naye akasimama hivyo. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika getini, na mtu wa mwisho alikuwa anauliza kuna nini huko mbele. Nikaweka kalamu chini, foleni nikaiacha isubiri.